Ligi ya timu 20 ina raha yake, ila mfikirieni na fundi mitambo wa matangazo

Mashabiki wakisikia ligi inaongeza timu, wanashangilia. Sisi wa matangazo ya mpira huwa tunashika kalamu kwanza.

Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu Bara iliruka kutoka timu 16 hadi 20. Coastal Union, KMC, JKT Tanzania, Alliance, Biashara United na African Lyon wakapanda kwa mkupuo. Timu 16 hucheza mechi 240 kwa msimu. Timu 20 hucheza 380. Yaani umeongeza timu nne, umejitwisha mechi 140, na msimu ule ligi haikuwa hata na mdhamini mkuu!

Kwa mtazamaji hiyo ni burudani. Kwa fundi ni safari ndefu za barabarani. Gari la matangazo likitoka uwanja wa Nangwanda Sijaona pale Mtwara, kesho yake haliwezi kuwa uwanja wa Karume, Musoma. Likifika, kuna kuvuta nyaya, kupandisha kamera jukwaani, kuwasha jenereta, kuelekeza dishi. Halafu viwanja vingi vya mikoani havikuwa na taa, kwa hiyo mpira lazima upigwe jioni, jua likiwepo. Mechi tatu zikigongana saa 10, unarusha ipi?

Juu ya hapo kulikuwa na viporo (mechi zilizoahirishwa) vya Simba, waliofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na kutolewa na TP Mazembe. Yanga wanaongoza msimamo, lakini kila mtu anahesabu viporo vya mwenzao. Mwishowe Simba wakabeba ubingwa kwa pointi 93.

Ligi ikashushwa hadi timu 18, kisha 16 msimu wa 2021/22. Pesa nene ikaja wakati huohuo: mwaka 2021 Azam Media na TFF, shirikisho la soka nchini, walisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wa Sh225.6 bilioni. Kwa wastani ni Sh22.56 bilioni kwa mwaka. Gawa kwa mechi 240, unapata Sh94 milioni kwa mechi. Gawa kwa 380, inashuka hadi Sh59 milioni na ushee. (Msidhani zote zinaingia kwa klabu, hiyo ni hesabu ya kupimia tu.)

Mtu wa Shinyanga, ambaye msimu wa 2018/19 alikuwa na Mwadui na Stand United zote Ligi Kuu, akitaka turudi timu 20 namwelewa kabisa. Ila kabla hatujapanga ratiba, nitamuuliza habari za taa pale Kambarage, uwanja wa kwao.