Mahitaji ya mteja na matarajio ya mteja, tofauti iko wapi?

Niliagiza kitanda kwa fundi seremala, 5 kwa 6, mbao ya mninga, droo mbili chini, kifike Jumamosi. Jumamosi kweli kirikuu ikaja, nikachukua tepu nikapima, 5 kwa 6 safi, mninga wenyewe, droo mbili hizo hapo. Usiku wa kwanza tu ukigeuka kinalia kwiii, wiki chache mbele droo moja ikagoma kufunga sababu mbao ilikuwa mbichi ikajikunja. Kumpigia simu fundi, ananijibu "bosi, si vyote ulivyosema nimeweka?"

Na hajadanganya. Vile nilivyotaja, vipimo, aina ya mbao, droo, siku ya kuleta, ndo mahitaji ya mteja (nyaraka nyingi za viwango zinaandika matakwa, ni kitu kilekile). Haya yanaandikika kwenye daftari, yanapimika kwa tepu, na mkigombana kuna pa kurejea. Matarajio ni yale niliyokuwa nayo kichwani nikimlipa advansi: nitalala bila kelele, kitadumu miaka, fundi atapokea simu yangu hata akishalipwa. Hakuna aliyeyaandika.

Sasa watu wengi wanaishia hapo, kwamba kilichosemwa ni hitaji na kisichosemwa ni tarajio, na hapo ndo wanapokosea. Kiwango cha ISO 9000 cha mwaka 2015 (kile cha kimataifa kinachoeleza maana ya maneno ya usimamizi wa ubora) kinasema hitaji ni jambo linalotakiwa au kutarajiwa ambalo limetajwa, au kwa desturi linaeleweka hata bila kutajwa, au ni la lazima. Soma tena hapo katikati. Kitanda kisilie, mbao iwe imekauka, hayo nani anaenda kumwambia fundi? Ni kama kumwambia mama ntilie asikuwekee mchanga kwenye wali. Kwa hiyo ile "hukusema" ya fundi haimuokoi, desturi ya kazi yake ilishamsemea. Na lile la lazima ni la sheria, mfano huku Tanzania mbao ikisafirishwa inatakiwa iwe na kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), mimi sikuliwaza kabisa ila ni hitaji vilevile.

Yanayobaki nje ya hapo ndo matarajio tupu, na hayo yanatofautiana mtu na mtu. Yanatoka kwa jirani aliyenunua kwa fundi huyohuyo, kwenye picha za Instagram, kwenye bei pia, maana ukilipa hela nyingi unategemea mengi. Tena hayatulii. Mjapani mmoja mtaalamu wa ubora anaitwa Noriaki Kano alilichambua hili, kwamba kitu kinachomfurahisha mteja leo kesho anakiona cha kawaida. Fundi akikutumia WhatsApp picha za kitanda kikiwa kwenye msasa, mara ya kwanza unafurahi unawaonyesha watu, oda ya tatu asipotuma unampigia kumuuliza kulikoni.

Kwa mwenye biashara hapa ndo pagumu, maana kuridhika kwa mteja kunapimwa kwa matarajio, sio kwa daftari. Kiwango hichohicho cha ISO kinakiri kabisa kwamba unaweza kutimiza kila mlichokubaliana na mteja bado akaondoka amenuna, na kwamba wakati mwingine mwenyewe hajui alikuwa anategemea nini mpaka mzigo umfikie. Dawa ninayoiona mimi ni kuuliza kabla ya kupokea oda: kitalaliwa na wangapi, mlango wa chumba una upana gani, vanishi iwe ya kung'aa au isiyong'aa. Mteja akijibu na ukaandika, tarajio limeshakuwa hitaji.

Fundi alirudi, akakaza chaga, akabadilisha mbao ya droo, hakunidai hata nauli. Ila kitanda kilikuja cheusi na mimi nilitaka kiwe na rangi kama cha jirani, hilo sikumgusia, maana kweli lilikuwa kichwani kwangu tu.