Kambi ya mashabiki ni nini?

Kambi ya mashabiki ni kundi la watu waliojifunga kwa mwanamuziki mmoja kiasi cha kujiona wana wajibu wa kumtetea. Hapo ndipo linapoachana na wasikilizaji wa kawaida. Msikilizaji hupenda wimbo. Usipompendeza, huhamia mwingine. Mwanakambi hupenda jina. Wimbo ukiwa mbovu atautetea mbele za watu, kisha mkiwa wawili tu atakubali kwamba safari hii bosi wake ameteleza.

Kupenda peke yake hakuundi kambi, lazima awepo mpinzani. Uganda hili lilionekana wazi miaka ya 2000, waimbaji Jose Chameleone, Bobi Wine na Bebe Cool walipokuwa wakigombea kiti cha juu cha muziki. Kila mmoja alikuwa na kikosi chake: Leone Island, Fire Base, Gagamel. Majina hayo yalikuwa ya wasanii waliorekodi na kupanda jukwaani pamoja, lakini mashabiki nao wakayavaa. Kijana wa Kamwokya, mtaa wa Bobi Wine, hakujiandikisha popote ili awe Fire Base. Ilitosha kuishi pale na kuwa tayari kubishana. Vijembe vikapenya hadi kwenye nyimbo, na bifu likawa tangazo la bure la shoo inayofuata. (Mimi niko Leone Island, nadhani kwa sababu Chameleone huimba sana Kiswahili, kwa hiyo nisomeni kwa tahadhari.) Waliokuja baadaye waliuona mtaji huo. Mwimbaji Alien Skin, kwa mfano, ana kikosi chake cha Fangone Forest.

Siku hizi ubishi mwingi uko kwenye simu, na huko kambi ina kazi zinazojulikana: kusambaza video siku inapotoka, kuirudia ili hesabu ya YouTube ipande, kupiga kura za tuzo, kujibu matusi kwa matusi. Halipwi mtu. Kura hasa si jambo dogo. Mwimbaji Eddy Kenzo alipotwaa tuzo ya BET ya Marekani mwaka 2015, mwaka mmoja baada ya wimbo wake Sitya Loss, kipengele chake kiliamuliwa na watazamaji wenyewe. Bila watu wa kukaa na simu wakipiga kura, kipaji kingebaki mlangoni.

Mahali pa kukutania hubadilika kila mara. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi. Wapo walioendelea kuingia kwa VPN, wengine wako TikTok, X na kwenye magrupu ya WhatsApp. Grupu la WhatsApp ndilo kali kuliko yote, kwani humo admini akikuona unamsifu mpinzani anaweza kukutoa bila hata salamu.

Mara nyingine uhasama huo ni biashara ya pande zote mbili. Waimbaji Cindy na Sheebah walipopambana kwa nyimbo Kololo, Kampala, mwaka 2023, kambi zao zilikuwa zimetambiana kwa muda mrefu, na wote wawili wakapata jukwaa na umati. Nani alishinda? Inategemea umemuuliza nani.

Pagumu ni pale muziki unapotoka ndani ya kambi na kambi ikabaki. Bobi Wine aliingia bungeni mwaka 2017, huku Bebe Cool akijulikana kwa kumuunga mkono Rais Museveni. Agosti 2018 Bobi Wine alikamatwa baada ya vurugu za uchaguzi mdogo wa Arua. Mwaka huohuo Bebe Cool alirushiwa chupa akiwa jukwaani Kampala. Ubishi wa nani anaimba vizuri zaidi, wa enzi za Fire Base na Gagamel, haukuwa tena na nafasi katika hasira ile. Ndiyo maana mtu wa Kampala akikwambia yuko kambi ya fulani, inafaa umuulize kwanza kama anazungumzia nyimbo.