Yale matundu ya Maruhubi si ya mizinga

Yakhe, manowari ya kigeni ikitia nanga tu hapa Unguja mie najua wiki yangu ishaharibika. Wanashuka vijana wa watu, wote washasoma kwenye simu habari za vita vya 1896 baina ya Mngereza na sultani wa Unguja, basi kila ukuta uliobomoka kwao kazi ya mizinga ya Mngereza. Sasa hata watembezaji wenzangu wanaitikia ndiyo ndiyo ili wapate bakshishi.

Mizinga ilipigwa Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, basi. Dakika 38, vitabu vyengine vinasema 45, mie nasema haikufika saa na napita. Jumba la Beit al-Hukm likaangamia, Glasgow, meli ya sultani, ikazama palepale bandarini, jumba la Beit al-Ajaib likabaki limesimama.

Magofu ya Maruhubi ni habari nyengine kabisa. Kasri hilo la Sayyid Barghash, sultani wa zamani, liliungua 1899, miaka 3 baada ya vita, na zile nguzo nene mnazopigia picha zilibeba roshani ya mbao, moto ukala mbao nguzo zikabaki. (Ile hesabu ya masuria wake 99 naisema kwa kuwa wageni wanaipenda, lakini nani aliwahesabu?)

Kinachonichosha ni matundu. Mwanamaji anatia mkono ukutani, ananiambia hapa kombora limepita. Baba, hilo tundu la boriti! Hebu tazama, yamepangana kimo kimoja, nafasi ileile, mwanzo wa ukuta hadi mwisho, sasa mzinga gani unapiga kwa kamba ya fundi? Humo ndimo vilikaa vichwa vya boriti za mkoko zilizobeba dari. Na magofu yetu mengi ndo yanavyokufa: dari inavuja, boriti inaoza kichwani mule ndani ya ukuta usikokuona, dari inashuka, halafu mvua ya masika inaingia juu ya ukuta wa mawe na chokaa na kuulainisha kidogokidogo, mtini unaota ufani, mizizi inamaliza. Halafu anakuja mtu na saruji! Saruji inafungia maji ndani, chokaa inamung'unyuka nyuma yake, na kwa nje pazuri kweli, watu wanapiga makofi.

Wanaotaka vita vya manowari hasa nawapeleka kisiwa cha Chapwani, kuna makaburi ya wanamaji wa Pegasus, manowari ya Mngereza iliyopigwa na Königsberg, manowari ya Mjerumani, tarehe 20 Septemba 1914. Ni boti ndogo tu toka mjini, na bei tunaelewana.