Je, wajua kwa nini nyimbo za ajabu za bendi zilikaa upande B?

Piga meza kwa viganja mara mbili, kisha piga kofi moja. Rudia. Fanya hivyo hapa Dar kwenye kibanda cha kuonyesha mpira, kabla Simba na Yanga hawajaingia uwanjani, na hakika atatokea mtu wa kuupokea mdundo huo. Ni We Will Rock You wa Queen, bendi ya Freddie Mercury, mtoto wa Unguja aliyezaliwa mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Wengi hawajui kwamba wimbo huo ulipotoka Oktoba 1977 kwenye singo, yaani santuri ndogo yenye wimbo mmoja kila upande, haukuwa ndio uliokuwa ukiuzwa. Uliouzwa ni We Are the Champions. Huu mwingine uliwekwa nyuma yake, upande B.

Kwa nini kibao kizito namna hiyo kiwekwe mgongoni? Na zile nyingine zilizowekwa huko na hazikupata bahati ya kutoka, zilikuwa nyimbo za namna gani?

Tuanze na santuri yenyewe. Za mwanzo zilikuwa na sauti uso mmoja tu, wa pili mtupu. Mwaka 1904 kampuni ya Odeon ya Ujerumani ikaanza kuuza santuri zenye muziki pande zote mbili. Mwaka 1949 RCA Victor ya Marekani ikaleta ile ndogo ya inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa nyumba ya singo. Plastiki ikishakandamizwa ina nyuso mbili, upende usipende, na mnunuzi aliyelipia sahani nzima hawezi kupewa nusu tupu. Lazima kitu kiwekwe.

Kitu gani sasa? Hapo biashara ndiyo iliyoamua. Kampuni ilitaka mtangazaji wa redio apige wimbo mmoja, na wasikilizaji waulizie huohuo dukani. Ukiweka vibao vikali viwili kwenye singo moja, watangazaji wanagawanyika, na umeshatumia leo wimbo ambao ungekuuzia singo nyingine baada ya miezi michache. Kwa hiyo nyuma pakawekwa wimbo usiotarajiwa kuleta ushindani. Mara nyingine hesabu hiyo iliwageuka. Mwaka 1978 kampuni iliyotoa nyimbo za mwimbaji Gloria Gaynor ilitangaza wimbo wa Substitute, lakini wapiga disko wakaigeuza santuri na kukutana na I Will Survive, na leo ule wa kwanza haukumbukwi.

Lakini kinachonivutia zaidi ni nyimbo ambazo hazikuishinda hesabu hiyo. Kwa sababu hakuna aliyeutegemea upande B kwa mauzo, hakuna aliyeusimamia sana. Mkurugenzi wa kampuni hakuuliza kiitikio kinaanza sekunde ya ngapi. Bendi yenye kiu ya kujaribu mambo ilipata pale dakika chache za uhuru ambazo tayari zimelipiwa.

Mfano ulio wazi ni wa Pink Floyd, bendi ya Uingereza. Desemba 1968 walitoa singo ya Point Me at the Sky, wimbo uliotengenezwa uende redioni. Haukuingia hata kwenye chati za Uingereza. Nyuma yake waliweka Careful with That Axe, Eugene. Hauna beti, hauna kiitikio. Besi inang'ang'ania noti moja, juu na chini, kinanda kinapita taratibu, gitaa linanyemelea, minong'ono inasikika kwa mbali, halafu Roger Waters, mpiga besi, anapiga ukelele. Nani angeupeleka redioni saa mbili asubuhi? Lakini huo wa nyuma ndio walioendelea kuupiga jukwaani miaka kadhaa, wakaurefusha hadi karibu dakika 9 kwenye albamu ya Ummagumma ya 1969, kisha wakaurekodi upya kwa ajili ya filamu ya Michelangelo Antonioni. Singo yenyewe ilipoanguka, Pink Floyd hawakutoa nyingine Uingereza hadi 1979. Kwa maoni yangu, huo wa mgongoni ulionyesha mapema bendi inakwenda wapi kuliko wimbo uliokuwa mbele.

Kuna na habari ya fedha, ambayo ilileta ugomvi kwenye bendi nyingi. Mrabaha wa mtunzi ulihesabiwa kwa santuri iliyouzwa, na mtunzi wa upande B alipata sawasawa na wa upande A. Bohemian Rhapsody ya Queen ya mwaka 1975, utunzi wa Mercury, ilikaa wiki 9 kileleni Uingereza, ikauzwa kwa wingi kupita kiasi. Nyuma yake kulikuwa na I'm in Love with My Car, utunzi wa Roger Taylor, mpiga dramu. Kila aliyemnunua Mercury alimlipa na Taylor, hata kama hakuigeuza santuri maishani mwake. Nafasi ya nyuma ikawa kitu cha kugombewa. Mwaka 1989, walipotoa albamu ya The Miracle, Queen waliamua nyimbo zote ziandikwe kwa jina la bendi nzima.

Queen pia wana nyimbo ambazo hazikuwekwa kwenye albamu za wakati huo, zikabaki mgongoni tu. See What a Fool I've Been ya 1974 iko nyuma ya Seven Seas of Rhye. A Human Body ya 1980 iko nyuma ya Play the Game. Soul Brother ya 1981 iko nyuma ya Under Pressure, waliyoimba na David Bowie. Anza na ile ya 1974. Ni bluzi ya polepole, na Mercury anaichezea sauti yake kwa utundu ambao wimbo wa mbele usingeuruhusu.

Huku kwetu upande wa pili ulikuwa na kazi nyingine kabisa.

Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Kwanza mwimbaji anasimulia kisa kwa utulivu: mke kaondoka, rafiki kageuka, mjini maisha magumu. Kisha magitaa yanashika kasi, tumba zinabadilika, waimbaji wanabaki na kiitikio kifupi, na walioketi wananyanyuka. Hilo ndilo chemko. Ukumbini wimbo mmoja ungeweza kwenda dakika kumi bila mtu kulalamika. Santuri ya inchi 7 haikubali hivyo. Dakika tatu ni mizunguko 135 ya santuri. Bohemian Rhapsody, yenye dakika 5 na sekunde 55, inahitaji karibu mizunguko 266 kwenye eneo lilelile. Sauti ikiwa kubwa, na hasa besi ikiwa nzito, mfuo, yaani mchirizi unaofuatwa na sindano, unayumba kwa upana na kula nafasi. Ukitaka kuingiza dakika nyingi, lazima uubane mfuo na upunguze sauti, na muziki wa kuchezwa ukipunguzwa sauti umeuharibu.

Suluhisho likawa kuukata wimbo katikati. Lebo inaandikwa jina lilelile pande zote mbili, moja sehemu ya kwanza, nyingine sehemu ya pili. Mbele ni kisa, nyuma ni chemko. Yaani upande ambao Ulaya ulikuwa wa majaribio na mabaki, kwenye muziki wetu ndio uliokuwa na dansi lenyewe.

Dar haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Bendi zilirekodi kwenye tepu za Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambako wimbo haukulazimika kukatwa vipande viwili, na santuri zikatengenezwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya kufungwa mwaka 1977, njia hiyo ikawa ngumu zaidi. Ndiyo maana nyimbo nyingi tunazozipenda za miaka ile hazina upande A wala B. Zilibaki kwenye tepu za redio. Hata waliokuwa wakijaribu roki hapa nchini, Sunburst, tunawajua vizuri leo kwa sababu mwaka 2016 kampuni ya Strut ilikusanya rekodi zao za 1973 hadi 1976, pamoja na albamu yao ya Ave Africa, ikazitoa upya.

Ukipata santuri ya zamani, kwenye sanduku la babu au kwa wauza vitu vya kale, ishike kingoni na uiinamishe kwenye mwanga. Mifuo iliyosongamana inaonekana nyeusi zaidi. Iliyotanuka kwa sauti nzito inang'aa kwa namna nyingine, hivyo unaweza kuliona chemko kabla hujalisikia. Karibu na lebo kuna utepe laini usio na muziki, na humo mna namba zilizochongwa, mara nyingi zikiishia na herufi A au B. Lebo ikiwa imebanduka, hizo ndizo zitakazokuambia upande gani ni upi. Kisha linganisha pande zote mbili: ule uliofifia rangi na kujaa mikwaruzo ndio waliokuwa wakiupiga.

Na hili ni muhimu kwa wanaozipandisha mtandaoni, kazi ninayoiheshimu sana. Santuri nyingi zimerekodiwa uso mmoja tu. Wimbo unaenda vizuri, mwimbaji anamaliza kisa chake, gitaa la solo linaanza kuchangamka, halafu sauti inafifia na kuisha. Hapo wimbo haujaisha. Andika jina lake, ongeza "sehemu ya pili", na kama haipo, muulize aliyepandisha kama ameigeuza.