"Sina Muda wa Kusoma" na Dhana Nyingine Zinazotutenga na Vitabu

Kila ninapomwuliza mtu anasoma kitabu gani kwa sasa, jibu ninalolipata mara nyingi ni kwamba siku hizi hana muda. Wanaolitoa wanalisema kwa moyo mweupe, na baadhi yao huongeza kwa majonzi kwamba zamani walikuwa wasomaji wakubwa. Hata hivyo, ndani ya jibu hilo mna dhana kadhaa kuhusu kusoma ni nini na kunamfaa nani, ambazo tumezizoea kiasi kwamba hatuzihoji tena.

Dhana yenye nguvu kuliko zote ni kwamba kitabu kinadai saa nyingi za mfululizo, chumba kimya na akili iliyotulia, hivyo asiye na neema hizo asubiri likizo. Tufanye hesabu. Tuchukue msomaji asiye na haraka, anayesoma maneno 150 kwa dakika. Akisoma dakika 20 kwa siku atakuwa amepita maneno 3,000, na riwaya ya maneno 60,000 ataimaliza kwa siku 20. Tena vitabu vyetu vingi vizuri ni vifupi zaidi ya hapo: Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, haifiki kurasa mia moja. Dakika hizo 20 zimetawanyika katika siku ya karibu kila mtu, kwenye foleni ya benki, kwenye benchi la kumsubiri daktari, au jikoni wakati maharage yanachemka. Ndani ya daladala iliyojaa, mtu akiwa amesimama na mkono mmoja umeshika bomba, kusoma hakuwezekani, nami nimejaribu nikashindwa; lakini kituoni, kabla gari halijafika, kunawezekana kabisa. Kinachotukwamisha hasa ni kwamba wakati huo simu iko mkononi na kitabu kiko kabatini nyumbani, kwa hiyo dakika zinakwenda kwa kilicho karibu. Tangu nianze kutembea na kitabu ndani ya mkoba, kama ninavyotembea na funguo, nimesoma zaidi bila kuongeza hata nusu saa katika siku yangu.

Ni lazima niseme pia kwamba muda haukugawanywa kwa haki. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kuandaa vitumbua vya kuuza, akarudi jioni kupika, kufua na kuogesha watoto, anaposema hana muda anasema kweli tupu. Huyo hahitaji kufundishwa mbinu za kusoma. Anahitaji mtu mwingine nyumbani aoshe vyombo.

Wapo wanaokubali hesabu hiyo lakini wakahofu kwamba ukisoma kitabu vipande vipande utapoteza mtiririko wa kisa. Historia ya hadithi za Kiswahili haiungi mkono hofu hiyo. Hadithi nyingi zilizopendwa zilitolewa magazetini kwa mfululizo, sehemu moja kila toleo, na wasomaji walibaki na wahusika vichwani mwao wiki nzima, wakibishana nani muuaji na nani atamwoa nani, mpaka sehemu inayofuata ilipotoka. Kusubiri kulikuwa sehemu ya utamu wenyewe.

Kuna msemo unaoniumiza kila ninapousikia, na huusikia mara nyingi kwa watu waliosoma: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke ndani ya kitabu. Tunausema huku tukicheka, kana kwamba ni jambo la kuzaliwa nalo. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 wa Tanzania walikusanyika katika vikundi kwa wiki 12, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma kwa pamoja vijitabu vilivyoandaliwa kwa ajili hiyo, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wengi wao walikuwa wakulima, na baadhi walikuwa ndiyo kwanza wamejifunza kusoma. Miaka 50 kabla ya hapo, mwaka 1923, gazeti la Mambo Leo lilianza kutoka Tanganyika, na kurasa zake za mashairi zikageuka uwanja ambao wasomaji walijibizana kwa beti. Watu wasiopenda kusoma hawafanyi mambo hayo. Vikwazo vilivyopo vinaonekana kwa macho: bei ya kitabu ikilinganishwa na kipato cha siku, wilaya zisizo na duka hata moja la vitabu vya hadithi, na shule zinazomfundisha mtoto kwamba kitabu ni kitu cha mtihani, kinachofungwa mtihani ukiisha. Kuviita vikwazo hivyo tabia ya Mwafrika ni kuwaondolea lawama wanaoweza kuviondoa.

Inasemwa vilevile kwamba kusikiliza kitabu kikisomwa si kusoma. Kwa watu wa pwani dhana hii ni ngeni kabisa. Utendi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake kiasi cha mwaka 1858 uliandikwa kwa hati za Kiarabu, lakini wengi walioujua waliupokea kwa sikio, ukighaniwa nyumbani na kukaririwa hadi ukakaa moyoni. Mtoto anayesomewa na bibi yake, au dereva anayesikiliza riwaya iliyorekodiwa, amekipata kitabu. Mwanafunzi anayetaka kujua tahajia atahitaji kuyaona maandishi, naam, ila hilo ni suala jingine.

Kuhusu kukimaliza kila kitabu ulichokianza, sitasema mengi. Kitabu ulichokichoka mpe mwingine, uchukue kingine. Nimewahi kukaa miezi minne bila kusoma chochote kwa sababu ya kitabu kimoja nilichoona aibu kukiacha.

Dhana ya mwisho ndiyo inayonigusa zaidi, nayo ni kwamba kuwaambia wenzako unasoma nini ni majigambo. Kwa hofu hiyo tunasoma kwa siri, na vitabu vinabaki bila midomo ya kuvisafirisha. Mahali ambapo maduka ya vitabu ni haba, mtu hujua kitabu fulani kipo kwa sababu ndugu, mwalimu au jirani alikitaja. Majigambo ni kuhesabu vitabu ulivyomaliza mwaka huu. Kueleza jambo moja lililokukaa rohoni ni ukarimu, kama kumwita mtu mezani.

Mimi kwa sasa ninasoma Peponi, tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, ya riwaya ambayo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1994. Nilimsimulia fundi cherehani wa mtaani kwetu mwanzo wake tu: kijana Yusufu anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, asijue kwamba baba yake amemtoa kufidia deni. Fundi alisimamisha cherehani, akaniuliza mama yake Yusufu alisema nini siku ile. Tulizungumza mpaka mteja wake akaja. Nimefika katikati ya kitabu, naye ameshaniuliza mara mbili nitakimaliza lini.