Majibu ya mkeo si majibu yako

Nikipima VVU, majibu napata lini?
Siku hiyo hiyo. Tunakutoboa kidole, tunaweka tone la damu kwenye kipimo, na baada ya muda mfupi mshauri anakuita chumbani, anafunga mlango na kukupa majibu mkononi mwako. Hatumtumi jirani.

Kipimo kikionyesha mistari miwili ndiyo nimeathirika?
Bado. Tunapima tena kwa kipimo cha aina nyingine. Ikithibitika, unaanza ARV, dawa za kufubaza virusi, hata leo. Tanzania iliacha kusubiri CD4, yaani seli za kinga ya mwili, zishuke tangu 2016, kwa hiyo usiende nyumbani "kujipanga" miezi sita.

Mke wangu alipimwa kliniki ya wajawazito, hana. Si inatosha?
Haitoshi. Akina baba wanatuletea kadi ya kliniki ya mke kana kwamba ni cheti chao wenyewe. Damu iliyopimwa ni yake. Yako haijapimwa.

Lakini tunalala kitanda kimoja miaka yote!
Hata kama mngelala miaka ishirini. Virusi haviambukizi kila mkikutana, ndiyo maana wapo wenza ambao mmoja anavyo na mwingine hana. Halafu mama huyo alipimwa mimba ikiwa changa. Ukimwambukiza baadaye, akiwa mjamzito au ananyonyesha, virusi vinakuwa vingi mno mwilini mwake na mtoto ndiye anayeingia hatarini. Kadi ile ile bado inasema hana! Baba, njoo upime.

Basi niambieni majibu yake, nijue.
Hatukuambii. Ni siri yake, kama yako itakavyokuwa siri yako. Mkija wawili na mkikubali wote, tunawapa pamoja.

Nikijipima nyumbani?
Ruksa, sheria iliruhusu mwaka 2019. Mistari miwili ikitokea, njoo kituoni tuthibitishe. Na tena: ujipime wewe, usimpe mke kipimo kisha ukasome chake.

Nimepima, sina. Nirudi?
Kama ulijihatarisha karibuni, rudi baada ya miezi mitatu, maana maambukizi mapya huenda yasionekane. Kama ni jana au juzi, usihesabu miezi. Dawa za kuzuia maambukizi, PEP, huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Kama ni Ijumaa usiku, usingoje Jumatatu, nenda hospitali yenye huduma ya dharura.