Fundi wa Mbali na Nauli ya Kurudi

Kigoma tumezoea kusindikiza. Enzi za mkoloni vijana wa Kasulu na Kibondo walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakapewa namba, ndipo wakaitwa manamba. Reli ilishafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Siku hizi sisi ndio tunaopokea pia: mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na mafundi wa nondo na saidia fundi wa mikoa mingine wanapanga vyumba Urambo, Kaliua na Uvinza.

Hela ya mgeni huyu haikai mfukoni. Anaanza kuila mwenye nyumba, kisha mama ntilie anayewahi getini na ndoo ya uji kabla ya saa kumi na mbili, kisha bodaboda. Kinachobaki kinatumwa nyumbani pamoja na ya kutolea, ili mama asipunguziwe. Huko kinageuka bati, mbolea, sare na michango ya shule. Siku ya uzinduzi daraja litapigwa picha. Bati za Kakonko zilizonunuliwa kwa zege hilohilo hazitatajwa.

Sisi maofisa wa kazi tunakutana na fundi huyu mambo yakishaharibika, na mara nyingi kilichomponza ni umbali. Tuanze na nauli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mkataba ukikomea mahali tofauti na ulipoajiriwa, mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako hadi ulipoajiriwa, au akulipie usafiri huo, au akupe posho ya safari. Posho hiyo isipungue nauli ya basi hadi stendi iliyo karibu na mahali hapo, na siku unazokaa ukiisubiri zina pesa yake ya kujikimu.

Wengi hujikwaa kwenye hilo neno "ulipoajiriwa". Kwa nauli hii, kinachoangaliwa ni mwajiri au wakala wake alikutafutia wapi. Nyapara akikupigia simu ukiwa Kibondo, "njoo na vijana watano, kazi ipo", basi uliajiriwa Kibondo. Ukipanda basi kwa hiari yako ukasimama getini Tabora na chepeo begani, umeajiriwa Tabora, na nauli ya kwenu hakuna wa kumdai. Nimeona mikataba ambayo nafasi hiyo imeachwa wazi, au imejazwa jina la kambi kwa watu waliofuatwa kijijini. Isome kabla ya kuweka dole gumba, na ujumbe wa nyapara usiufute.

Kuumia nako kuna mtego wake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, huchangiwa na mwajiri peke yake. Hata kibarua wa siku hakatwi senti. Mfuko huo hugharamia matibabu, ulemavu, mazishi na wategemezi. Lakini kijana akianguka kwenye jukwaa anapewa "pole" kidogo na tiketi ya basi, mkono unaungia kijijini ukiwa umepinda, na miezi 12 ya kutoa taarifa inakwisha huku ndugu wakidhani ile pole ndiyo ilikuwa fidia.

Halafu majina. Kambini mtu huitwa Kigoma, mwenzake Mbeya. Ni utani mtamu wakati wa kupiga zege, lakini ukiingia kwenye orodha ya malipo mjane atahangaika kuthibitisha kwamba "Kigoma" alikuwa mumewe. Andikisha jina lililo kwenye kitambulisho cha NIDA. Namba ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ni moja tu maisha yote. Usikubali kufunguliwa mpya kila unapohama saiti.

Ukiachishwa kazi na hukubaliani, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1, ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara uliobaki, yana siku 60. Kwa kawaida shauri husikilizwa na ofisi ya eneo mgogoro ulikotokea, kwa hiyo aliyefukuzwa Tabora akaenda kwanza kupumzika Kibondo itabidi arudi Tabora kwa nauli yake. Ijaze fomu kabla ya kukata tiketi.